Mpima Hatua wa Idara ya Vitovu

Ndugu msomaji, ukitaka kuijua nchi yetu tafadhali keti kwanza, maana ukisimama tu utakuwa umeiona yote. Mashariki ni mchanga. Magharibi ni mchanga. Kusini kuna waya wa senyenge wa jirani zetu, na ng'ambo ya waya kuna mchanga wao, ambao kitabu cha Jiografia cha darasa la nne kinasema ni mchanga duni usiokuwa na historia. Kaskazini kuna Kilima.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga, ni sheria. Sheria ya Heshima ya Jina inakataza mtu kulitamka jina la taifa kabla hajaoga mwili mzima, na mgao wetu wa maji ni debe moja kwa nyumba kwa siku, la kunywa, la kupikia na la kunawia uso. Basi kwa miaka ishirini sasa hakuna aliyelitamka isipokuwa Mtukufu Mlezi wa Mchanga, ambaye ana bwawa la kuogelea. Sisi wengine tunasema "Nchi", na tunaelewana vizuri tu.

Kilima ni tuta la mchanga lenye upana wa hatua mia nne na themanini. Urefu wake kwenda juu hauruhusiwi kupimwa, usije ukaonekana una mwisho. Kimechorwa kwenye bendera, kimo kwenye stempu, kimo kwenye kofia za askari. Waasisi wetu walipokaa kuandika katiba walitafuta mpaka wa kaskazini usiobishaniwa. Mto hatuna, mlima hatuna. Mmoja wao akachungulia dirishani, akakiona Kilima kimetulia, kwa kuwa asubuhi ile upepo haukuvuma, akasema, "Ndugu zangu, kitu gani kitadumu kuliko kile?" Wakaandika kwamba mpaka wa Nchi ni mguu wa kaskazini wa Kilima, daima dawamu. Wakapiga makofi, wakaenda kula. Hakuna aliyemuuliza mchunga ngamia, na mchunga ngamia yeyote angewaambia kwamba kilima kile kinatembea.

Kinatembea kuelekea kusini, hatua kumi na mbili kwa mwaka. Upepo hukikwangua mgongoni na kumwaga mchanga mbele. Kimekwisha kufunika shule mbili, soko la mbuzi na Wizara ya Mipango, ambayo ilichelewa kuhama kwa sababu mpango wa kuhama ulikuwa kwenye kabati la ndani. Na mpaka, kwa kuwa umeandikwa hivyo, unatembea nacho. Kila mwaka tunapoteza hatua kumi na mbili za nchi kwa nyuma, na redio hutangaza kwamba taifa limesonga mbele. Siwezi kusema redio inadanganya.

*

Kwetu mtoto akizaliwa na kitovu chake kikikatika, kitovu hicho huzikwa kwenye mguu wa Kilima, upande wa kusini usiopigwa na upepo. Mkunga huchomeka juu yake pembe ya mbuzi iliyochongwa alama za mtoto huyo. Ndiyo maana sisi hatumuulizi mtu kazaliwa wapi. Tunamuuliza kitovu chake kimezikwa wapi. Ilikuwa desturi nzuri, haikumdhuru mtu hata mmoja, mpaka siku ilipogeuzwa kuwa sheria.

Huo ulikuwa mwaka ambao Mtukufu Mlezi alikubali kubembelezwa na jeshi lake achukue madaraka. Alisema taifa limeingiliwa na watu wasio na asili, akatunga Sheria ya Asili yenye mstari mmoja: raia ni mtu ambaye kitovu chake kimo ndani ya mipaka ya Nchi. Chini yake wakaandika kwa wino wa dhahabu, "Mwacha asili ni mtumwa." Tulishangilia sana. Mimi mwenyewe nilishangilia mpaka sauti ikanikauka, nilikuwa kijana.

Sasa piga hesabu, msomaji. Mtoto kazaliwa, kitovu kimezikwa mbele ya Kilima. Kilima kinakuja, kinakifunika, kinapita juu yake polepole. Baada ya miaka arobaini hivi, pembe inachomoza upande wa pili, nyuma ya mguu wa kaskazini. Yaani nje. Mwenye pembe hiyo analala raia na kuamka mgeni, na mgeni katika Nchi ana siku saba za kufungasha.

Ndiyo sababu sisi hatuna wazee. Redio hujivunia kwamba hakuna raia wetu hata mmoja aliyewahi kufa kwa uzee, na madaktari wa nchi za mbali wamekuja na madaftari kutuuliza siri ya lishe yetu. Mshauri Mkuu wa Historia ana umri wa miaka ishirini na tisa. Anavikumbuka vizuri sana vita vya ukombozi vya miaka sitini iliyopita, kwa kuwa aliagizwa avikumbuke.

Utauliza, je, Mtukufu Mlezi mwenyewe, ambaye ana miaka sabini na miwili? Swali zuri, lakini usiliulize kwa sauti. Kitovu chake kiligunduliwa kwa muujiza mbele kabisa ya Kilima, ndani ya sanduku la kioo, na kila mwaka husogezwa hatua kumi na mbili kwa tarumbeta na mizinga. Mwaka jana sanduku liliposogezwa alihutubia kwa saa nne. "Wapo wanaotuita nchi inayopungua," alisema. "Niwaulize, mtu akikonda, si ndipo anapokimbia vizuri zaidi?" Tulipiga makofi. Wawili walizimia kwa jua na wakapewa nishani ya uvumilivu.

*

Mimi ni Mpima Hatua Daraja la Pili katika Idara ya Vitovu. Kazi yangu ni kuzunguka nyuma ya Kilima kila asubuhi na kamba na daftari, kutazama pembe zilizochomoza, kusoma alama zake na kupeleka majina ofisini. Ofisi huwaandikia wahusika Barua ya Pongezi. Huanza hivi: "Ndugu, kwa furaha tunakujulisha kuwa umekuwa mgeni wetu." Sheria inatambua pembe tu, umri haiutambui. Mtu anaweza kufika arobaini na mbili akiwa raia endapo mwaka ulikuwa na upepo hafifu.

Nilikuwa naifanya kazi hiyo kwa moyo mkunjufu. Nasema kweli. Nilimpeleka mwalimu wangu wa hesabu, nikampeleka kinyozi, nikampeleka Bi Hababi, mama mkwe wangu wa baadaye, aliyekuwa mkunga na ndiye aliyechomeka nusu ya pembe ninazozisoma. Sikuona ubaya. Jioni nilirudi nyumbani nikala, nikalala usingizi mnono.

Asubuhi moja ya kiangazi niliona ncha ya pembe imetokeza kiasi cha ukucha. Nikachutama nikapuliza mchanga. Alama mbili za msalaba, duara moja, na uzi mwekundu uliofungwa shingoni mwa pembe. Bi Hababi hakufunga uzi kwenye pembe ya mtoto wa mtu mwingine yeyote. Aliufunga kwenye pembe ya mwanawe wa pekee, na mwanawe huyo ni Shemsa, mke wangu.

Nilikaa pale mpaka jua likaniunguza kisogo. Kisha nilifanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wa kazi. Nilichota mchanga kwa viganja vyangu, nikaifukia pembe, nikaupigapiga ule mchanga kama mtu anayebembeleza mtoto. Daftarini nikaandika: "Hakuna."

Kesho yake upepo ulikuwa umeifukua. Nikafukia tena. Kesho kutwa vilevile. Siku kumi na moja nilikwenda kabla ya mtu yeyote na kufukia, na kila nikifukia upepo uko nyuma yangu unangoja nimalize. Shemsa sikumwambia. Nyumbani nilikuwa mchangamfu mpaka akaniuliza kama nimepandishwa daraja.

*

Siku ya kumi na mbili ilikuwa siku ya ukaguzi. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Yakuti, huja mara moja kwa miezi mitatu na mwavuli, kiti cha kukunja na askari wa kumshikia vyote viwili. Ni mtu mpole, ana miaka thelathini na mitatu na harufu ya sabuni. Nilijaribu kumpitisha mbali. Nikamwonyesha ngamia, nikamwonyesha wingu. Akasema wingu ataliona vizuri akikaa. Askari akakunjua kiti, mguu wa kiti ukagonga kitu, Mkurugenzi akapepesuka.

"Hiki nini, Karani?"

"Jiwe, mheshimiwa."

"Jiwe lina uzi?"

Akaagiza ifukuliwe. "Soma," akasema. Nikasoma. Katika miaka ishirini ya utumishi sauti yangu haijawahi kutetemeka nikisoma pembe, na siku ile ilitetemeka.

"Si mkeo huyu?" akauliza, na uso wake ukajaa huruma ya kweli. "Pole sana. Au niseme hongera. Barua inasema hongera."

"Mheshimiwa, nina ombi. Kitovu cha mke wangu kisogezwe. Hatua tatu tu."

"Karani! Kitovu kinachosogezwa ni kimoja tu katika Nchi hii. Kingine kikisogezwa ni magendo."

"Basi nikate rufaa."

"Una haki kabisa ya kukata rufaa. Serikali hii haimnyimi mtu haki yake. Mlete shahidi aliyeona kitovu kikizikwa, aseme kilizikwa mahali pengine."

"Shahidi ni mkunga, mheshimiwa. Mama yake. Yuko nyuma ya Kilima huko, ni mgeni mwaka wa ishirini huu."

"Ushahidi wa mgeni haupokelewi."

"Na wakunga wote wa wakati ule ni wageni."

"Unaona sasa," akasema Mkurugenzi kwa upole, akanishika bega, "jinsi sheria isivyo na upendeleo." Kisha akateremsha sauti. "Ila kwa kuwa wewe ni mtu wetu, nitakusaidia. Nitaagiza aagwe siku ya Ijumaa, bendi iwepo. Na ile habari ya jiwe sikuisikia."

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili, na hadi leo nikikumbuka natamani niurudishe mdomo wangu nyuma.

*

Shemsa aliisoma Barua ya Pongezi akiwa anachambua mchele. Alimaliza kusoma, akamaliza kuchambua, akanitazama.

"Baba Rehani, pembe imetoka lini?"

"Wiki mbili hivi."

"Na wewe umejua lini?"

"Nilikuwa naifukia," nikasema. "Kila siku. Kwa mikono."

"Umenifukia siku zote hizo, hukuniambia?" Nilidhani atacheka, maana Shemsa ni mtu wa kucheka, lakini macho yake yalijaa machozi. "Siku hizo ningekuwa namfundisha mtoto."

Nikamwambia nitaondoka naye. Akaniuliza pembe yangu iko wapi. Iko chini ya Kilima, imebakiza hatua thelathini na sita, miaka mitatu. Raia anayeondoka kabla ya kuwa mgeni ni msaliti, na nyumba ya msaliti haina debe. Nikasema basi tuondoke watatu. Akaniuliza kama nimesahau kwamba askari huwapiga risasi wasaliti kwenye mguu wa Kilima na kuwaacha wageni na wengine wakitazama. Sikusahau. Nilitaka tu kusema kitu.

Hapa sina budi kukueleza, msomaji, kuhusu Kiapo cha Kutomjua, ambacho ndicho alichokuwa akikiwazia. Mgeni akiagwa, watu wa nyumba yake husimama mbele ya kipaza sauti kuthibitisha kwamba hawamjui. Wote, kuanzia mtoto wa miaka saba. Mtu akisita, au sauti ikikatika, au chozi likionekana, maana yake nyumba ina ujamaa na wageni, na debe lake hukatwa kwa siku arobaini. Jirani yetu Mzee Tindwa, tuliyemwita mzee kwa heshima ya miaka yake thelathini na tisa, alimlilia kaka yake pale jukwaani. Tulimzika siku ya tisa, na mwanawe siku ya kumi na moja. Redio ilisema wamekufa kwa kukosa uzalendo.

Rehani wetu ana miaka minane. Ni mtoto anayelia kuku akichinjwa.

*

Siku sita zilizobaki Shemsa hakufungasha kitu. Kila baada ya alasiri alitandika mkeka uani, akamsimamisha Rehani mbele yake, akashika upawa uwe kipaza sauti. Yeye akawa Mkurugenzi.

"Mtoto, unamjua mwanamke huyu?"

Siku ya kwanza Rehani alimrukia akamkumbatia miguu, akalia mpaka akatapika. Shemsa akampangusa, akamsimamisha tena. "Haya, tena."

Siku ya pili alisema "Simjui" huku anatazama chini. "Macho juu," Shemsa akamwambia. "Mtazame usoni. Usipomtazama watajua." Alikuwa na tende kwenye kitambaa, na kila jibu sahihi lilipata tende moja. Mimi nilikaa mlangoni nikinoa kisu kisichohitaji kunolewa.

Siku ya tatu alianza kumtega. Akamwita kwa lile jina lake la utani, "Kijino, unamjua huyu?" na mtoto akatabasamu, na tende ikakosekana. Akamwimbia wimbo wa kumlazia. Akajifanya anaanguka. Akajifanya analia. "Unamjua?" "Simjui." "Amewahi kukupikia?" "Hapana." "Jina lake nani?" "Sijui jina lake." Siku ya tano Rehani alijibu yote bila kupepesa, tende zikaisha kwenye kitambaa, na Shemsa akaingia ndani akafunga mlango, akakaa huko muda mrefu.

Nilimfuata. Nilimwambia mtoto ameshajua, inatosha, tukae naye tu siku iliyobaki.

"Inatosha kwako," akasema. "Wewe ukinikumbuka utanyamaza. Yeye atanikumbuka katikati ya watu." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Siku ya sita ndiyo inayokaa kichwani. Mpaka asifikiri."

Na siku ya sita walifanya tena, bila tende.

*

Ijumaa bendi ilikuja kama nilivyoahidiwa. Mkurugenzi Yakuti alihutubia kuhusu ukarimu wetu. Alisema hakuna taifa duniani linaloagana na wageni kwa heshima kama sisi, na mgeni njoo mwenyeji apone. Shemsa alisimama upande wa kulia wa jukwaa, na kitambulisho chake cha raia kilikwisha kukatwa kwa mkasi. Alikuwa amevaa gauni la arusi ya dada yangu, lenye mikono mirefu.

Niliitwa mimi kwanza. Nilimtazama mke wangu wa ndoa ya miaka kumi na saba nikasema simjui. Nilisema vizuri, kama karani asomavyo pembe. Watu wakapiga makofi.

Akaitwa Rehani. Askari alishusha kipaza sauti mpaka kwenye kimo chake.

"Mtoto mzuri," akasema Mkurugenzi, "unamjua mwanamke huyu?"

"Simjui."

"Mtazame tena."

Rehani akainua uso akamtazama mama yake. "Simjui," akasema. "Sijawahi kumwona."

Hilo la pili hakufundishwa. Alilitunga mwenyewe. Umati ulishangilia, Mkurugenzi akachukua kalamu akaandika jambo, na baadaye aliniambia Idara inafikiria kumtumia mtoto huyu kuwafundisha wenzake mashuleni. Mimi nilikuwa namtazama Shemsa. Aliitikia kwa kichwa kidogo sana, kama afanyavyo kila Rehani anapopatia hesabu. Halafu akageuka, akaanza kukizunguka Kilima kwenda upande wa mama yake, na bendi ikapiga mpaka alipopotea. Hakugeuka nyuma, na najua alijizuia kwa ajili yetu.

Debe letu halikukatwa. Tulirudi nyumbani, nikawasha jiko, nikapika wali uliozidi maji kwa sababu sijazoea. Rehani alikula kimya, mgongo umenyooka. Uani mkeka ulikuwa bado umetandikwa. Nilifunga mlango na dirisha, nikahakikisha hakuna mtu nje, nikachutama mbele yake.

"Umefanya vizuri, mwanangu," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Sasa tuko peke yetu. Ukitaka kulia, lia tu. Mama angefurahi sana leo."

Rehani aliinua macho, akanitazama usoni bila kupepesa.

"Mama yupi?" akasema.

Nikangoja kidogo, nione kama atacheka. Akachukua kijiko akaendelea kula.